Dirisha la Shangazi: Sauti ya mama, stetasi ya wifi na fundi asiyepokea simu

Wasomaji wangu, hamjambo? Toleo lililopita nilidokeza, tena kwa kupitia tu, kwamba simu imenirudishia watu niliodhani nimeshawapoteza. Sikujua nachokoza nyuki. Barua zimemiminika, karibu zote za WhatsApp, Facebook, TikTok na ndugu zao. Wengine wameuliza bila kumung'unya maneno: mwanamke aliyekaa miaka 34 nyuma ya dirisha la posta hapa Tanga, akigonga mihuri na kuhesabu maneno ya telegramu, anajua nini kuhusu mitandao? Swali halali. Najua kitu kimoja tu. Waliokuwa wakipanga foleni mbele yangu ndio hao hao walioinamia simu sasa, na yanayowaliza na kuwagombanisha ni yale yale. Bahasha tu ndiyo imebadilika.

Nimechagua barua sita.

Shangazi, shikamoo. Niko Muscat mwaka wa tatu, nafanya kazi za ndani. Mama yuko Pangani, hajui kusoma, kwa hiyo tunatumiana sauti kwa WhatsApp. Kupiga kwa WhatsApp huku hakupiti. Simu yangu naishika usiku nikimaliza kazi, saa nne na nusu au saa tano. Nakuta sauti ya mama ya dakika saba, na tatu za mwanzo ni salamu tupu: hujambo mwanangu, umeamkaje, za huko, matajiri wako hawajambo, watoto wao hawajambo. Macho yananifumba, basi naiweka kwenye kasi ya moja na nusu. Nilipomsimulia mdogo wangu alicheka, akasema namfanya mama aongee kama kasuku. Tangu siku hiyo roho inaniuma. Namkosea adabu?
*Binti wa Pangani, Muscat*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Wewe si wa kwanza kupokea sauti ya mama huko Muscat. Miaka ya themanini watu wa mwambao wenye jamaa Uarabuni waliokuwa hawajui kuandika, au waliochoka kuandikiwa na watu, walikuwa wakirekodi kaseti. Dakika 30 upande huu, dakika 30 upande wa pili. Wakiitia kwenye bahasha ya kaki wanakuja nayo dirishani kwangu niipime uzito na kujaza fomu ya forodha. Bibi mmoja wa Mwambani nilimuuliza, kama nilivyotakiwa kuuliza, "Ndani mna nini, bibi?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mna mimi," akasema. Nikaandika "kaseti moja". Nikamuuliza tena kama amehakikisha inasikika, maana wengine walikuwa wakirekodi bila kubonya kitufe chekundu. Akasema inasikika, ila jogoo amewika katikati, na hakutaka kurudia kwa sababu mwanawe alimwacha jogoo yule akiwa kifaranga. Kaseti ile ilikwenda wiki tatu, labda nne. Jibu lake lingechukua muda kama huo kurudi.

Wewe jogoo wa mama yako unamsikia usiku wa siku ile ile aliyowika.

Sasa kuhusu kasi. Tangu kitufe hicho kiwekwe mwaka 2021 kila mtu anakitumia, mimi pia, hasa kwa wale wanaosimulia kesi ya shamba kuanzia babu aliyelima. Si dhambi. Ila nakuomba ujaribu jambo moja. Leo usiku iweke sauti ya mama kwenye mwendo wake wa kawaida, sikiliza zile salamu tu. Nadhani utagundua kwamba akishasema "umeamkaje" ananyamaza kidogo. Akisema "matajiri wako hawajambo", ananyamaza tena. Hajasahau la kusema. Anakuachia nafasi ujibu. Mama yako hazungumzi na simu, mwanangu; kwake yeye uko pale mkekani, na mtu akisalimiwa huitika. Ukiongeza kasi, zile nafasi ndizo zinazopotea kwanza.

Kwa hiyo mwitikie. Kwa sauti, hapo chumbani, hata kama umeshalala: "Sijambo mama. Nimeamka salama. Hawajambo." Atakayekusikia atadhani unaota. Ukifika kwenye habari zenyewe, nani kaoa, nani kadai, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani, hapo ongeza mwendo upendavyo.

Na jambo jingine, hili ni la lazima. Chagua sauti mbili tatu za mama uzihamishie mahali pengine nje ya hiyo simu, kwenye barua pepe yako au kwa huyo mdogo wako. Simu huibiwa, huanguka majini. Mama yangu alifariki mwaka 1998 na sauti yake ilikuwa kwenye kaseti moja tu, aliyoimba kwenye harusi ya binamu. Kaka yangu alirekodi taarabu juu yake. Hakujua. Mpaka leo nikiisikiliza nangoja, labda wimbo ukiisha patabaki sekunde mbili za mama. Hakuna.

Shangazi, shikamoo. Ukoo wetu una grupu la WhatsApp, watu 143. Kuanzia alfajiri ni "asubuhi njema" zenye maua, dawa ya kisukari ya majani ya mpera, michango, na video moja inaletwa na watu wanne. Mwezi uliopita nikalefti. Baba mdogo amesema nimejitoa kwenye ukoo. Mimi nimejitoa kwenye grupu tu! Nani ana haki?
*Mchovu, Morogoro*

Marahaba. Wewe una haki, baba mdogo ana haki zaidi.

Tangu mwaka 2022 mtu akilefti WhatsApp haitangazii grupu zima, wanaojulishwa ni maadmini peke yao. Kwa hiyo baba yako mdogo ni admini, na alikuona unavyotoka kwa kunyata. Hicho ndicho kilichomuuma. Kutoka bila kuaga.

Grupu la ukoo lichukulie kama baraza. Wazee wetu walikaa barazani kila magharibi, kahawa chungu, na nusu ya yaliyosemwa pale yalikuwa upuuzi. Nani alikwenda kwa ajili ya mazungumzo? Mtu alikwenda ili aonekane. Usipoonekana siku mbili, wa tatu anatumwa mtoto akagonge mlango. Siku ukilazwa, Mchovu, hao wa maua ya alfajiri ndio watakaokuja na uji.

Rudi, nyamazisha milio moja kwa moja, lipeleke grupu kwenye kumbukumbu lisikukae usoni, ulifungue Jumapili baada ya chakula. Michango mpe mweka hazina, usisubiri kutajwa. Majani ya mpera usiyabishie mbele ya watu 143. Mfuate aliyeyaleta pembeni, umwambie kwa upole asiache vidonge vyake. Ukiona ujumbe una alama ya kuwa umesambazwa mara nyingi, huo tangu 2020 hausogezwi zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Naamini aliyebuni kizuizi hicho ana shangazi kama wako.

Kabla ya yote mpigie baba mdogo. Piga, usiandike. Na usimwambie ulibonyeza kwa bahati mbaya. Hakuna mtu Tanzania nzima anayeamini hiyo.

Shangazi shikamoo. Mimi kiziwi. Fundi cherehani Tabora. Mwaka jana naanza TikTok, naonyesha kukata gauni, kushona, mteja anavaa. Watu wengi wanapenda. Muziki dada yangu anasikia, ananichagulia. Watu wanakomenti: mbona huongei? unaringa? Wengine wanapiga simu, mimi nakata, wanakasirika. Dada anasema usiseme kiziwi, wateja watakimbia, au wataona huruma, au watashusha bei. Rafiki zangu viziwi wanasema sema. Mimi katikati. Nifanye nini? Samahani Kiswahili changu, lugha yangu ya kwanza alama.
*Fundi, Tabora*

Marahaba fundi. Barua yako nimeizuia isinyooshwe, imetoka kama ulivyoiandika, maana hakuna mahali niliposhindwa kukuelewa. Usiombe samahani. Mimi kwa lugha yako siwezi hata kuomba maji.

Nikusimulie. Alikuwapo seremala mmoja hapa mjini, kiziwi, akija posta kila mwisho wa mwezi kutuma hela kwa mkewe Korogwe. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 32 na penseli nyuma ya sikio. Anaandika, ananisogezea, naandika, namrudishia. Foleni nyuma yake wananuna. Lile daftari lilikuwa na maisha yake yote: mazungumzo na muuza mbao, na daktari, na mwenye nyumba, na mimi. Vilipowekwa vibanda vya simu za kadi pale nje, watu wakawa wanapanga foleni hadi barabarani. Yeye alisimama akaviangalia, kisha akaandika: HIYO SI YANGU.

Nilifikiri ameeleza kweli ya maisha yote. Simu, ambayo sisi tuliisifu kwamba imewaleta watu karibu, yeye ilimsukuma nyuma zaidi, kwa sababu watu walianza kuacha kuandika. Halafu, nadhani 2003, akaingia na Nokia yake ya vitufe ameinyanyua juu kama bendera. Akanionyesha kiooni: meseji kutoka Korogwe. "Njoo na unga." Akaigeuza akamwonyesha aliyekuwa nyuma yake, na wa nyuma yake tena. Foleni nzima ilisoma kwamba kwa seremala hakuna unga. Sijapata kuona mtu amefurahia kutumwa unga namna ile.

Yeye aliishia kwenye meseji. Ninyi wadogo zake mmefika mbali zaidi. Majuzi stendi ya Kange niliwaona vijana wawili, mmoja ameshika simu kwa mkono wa kushoto ameinyoosha, wa kulia unakwenda mbio, na kwenye kioo kuna binti anajibu kwa mikono miwili huku anacheka. Wenye masikio sote tulikuwa tunapiga kelele "haloo, haloo, sikusikii", kwa ajili ya makonda. Wao walikuwa wanaelewana raha mustarehe. Kama kuna watu ambao video ya simu iliumbwa kwa ajili yao, ni ninyi, ingawa inakula bando na hakuna anayewapunguzia bei.

Sasa swali lako. Sema. Lakini usiseme kama mtu anayeungama.

Dada yako ana hoja moja ya kweli: wapo watakaokuonea huruma, na huruma ya mteja huja na "nipunguzie basi". Dawa yake ni bei kuandikwa. Gauni la vitenge bei hii, la harusi bei hii, kurekebisha zipu bei hii, uibandike mahali pa kwanza mtu akifungua ukurasa wako. Bei iliyoandikwa ni ngumu kuionea huruma. Kwa mengine amekosea. Wateja unaowapoteza sasa hivi hawakimbii kwa kuwa wewe ni kiziwi; wanakimbia kwa kuwa wamepiga, umekata, wamedhani una kiburi. Wewe unakaa kimya ili usiwapoteze, kumbe kimya ndicho kinachowafukuza.

Tengeneza video moja fupi. Sema kwa alama, chini yake maandishi ya Kiswahili: "Mimi ni fundi. Mimi ni kiziwi. Andika, usipige. Sauti usinitumie, sitaisikia." Basi. Mstari huo huo uuweke kwenye maelezo ya ukurasa. Hukuelezwa na mtu, umejieleza mwenyewe. Ukirekodi, geukia dirisha mwanga ukupige usoni, usilipe dirisha mgongo. Nyuma yako uondoe hivyo vitenge unavyovitundika, tundika shuka moja la rangi tupu. Mikono ikipita mbele ya maua na ndege wa kitenge haionekani, na kwenu kutoonekana kwa mkono ni sawa na kwetu kukatika kwa sauti. Tabora ni mji wenye shule ya viziwi tangu 1963. Waliosoma humo, walimu wao, ndugu zao, wote wanavaa nguo. Hujawahi kuwaambia kwamba upo.

Na muziki, jaribu kuuacha siku moja. Wenye masikio wanapenda mlio wa cherehani, unatuliza, sijui kwa nini. Ila muulize dada yako kwanza kama yako haihitaji mafuta.

Shangazi, shikamoo. Nimeolewa Kisauni miaka miwili sasa. Wifi yangu kila Ijumaa anaweka stetasi ya maneno. Ijumaa iliyopita: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Ya kabla yake: "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Mume wangu asema ni maneno tu. Mimi naona yanilenga mimi, maana mwezi huo nilishindwa kwenda kumsaidia kwenye arusi ya mwanawe. Nimeshaipata ya kumjibu, iko tayari kwenye simu. Niiweke?
*Mke wa Watu, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Kijana anayenichapia safu hii aliposoma "wifi yangu kila Ijumaa" alijua una shida ya intaneti, akataka kukushauri uzime mtambo uuwashe upya. Pengine si ushauri mbaya.

Ninyi watu wa Mombasa kwa jambo hili hamna wa kumlaumu, ninyi ndio mlioeneza. Kanga, nyinyi mwaiita leso, ina maneno tangu enzi za babu zetu. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la "Mali ya Abdulla", lilianza hapo mjini kwenu mwaka 1887. Zamani maneno yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi. Mwanamke asiyeweza kumjibu mumewe au mkwewe alikuwa anaingia dukani, anasoma kanga mpaka aikute iliyosema lake, halafu anapita nayo. Hakuna aliyeweza kumshtaki. "Mimi nimevaa nguo tu." Stetasi ni kanga ya saa 24. Haifuliwi, hainunuliwi kwa doti, na unaletewa orodha ya waliosoma. Kwa hiyo wifi yako anajua kabisa kwamba kila Ijumaa wewe ni wa kwanza kuifungua. Nakisia tu, lakini sidhani nimekosea.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Mwaka 1986 nilikuwa napanga Ngamiani, Barabara ya 14, na jirani mmoja ambaye tulikuwa tumekwaruzana kwa ajili ya zamu ya kufagia uwanja. Asubuhi moja nikakuta ameanika kanga, imenyooshwa vizuri, maandishi yanatazama dirisha langu: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Damu ikanichemka. Mwaka ule kanga zenyewe zilikuwa za kutafuta kwa tochi, lakini nilitafuta. Nikazunguka maduka Jumamosi mbili, nikaipata "Hasidi hana sababu", nikalipa hela iliyonifanya nile mihogo mpaka mwisho wa mwezi. Nikaianika mkabala na yake. Ikakaa siku nne. Hakuna kilichotokea. Siku ya tano akanigongea mlango ameshika barua kutoka kwa mumewe aliyekuwa melini, ananiomba nimsomee, kwa sababu mimi ni mtu wa posta.

Hakuwa anajua kusoma. Ile kanga ya simba aliinunua kwa sababu ya rangi ya chungwa.

Nilimsomea barua yake. Sikuwa na uso wa kumwangalia. Alipojifungua mwaka uliofuata nilimpelekea ile doti ya hasidi, akaishukuru sana, akambebea mtoto.

Kipimo cha kujua kama stetasi ni yako kipo. WhatsApp inamruhusu mtu achague nani aione na nani asiione. Muulize mke mwenzio wa ukoo, kwa mfano mke wa shemeji, kama naye ameiona. Kama wameiona wote, ni maneno ya watu wote. Kama umeiona peke yako, ni barua yako. Lakini ukishapima, mwanangu, hayo majibu utayapeleka wapi? Posta, barua isiyoandikwa anwani hatukuwa tunamkabidhi mtu yeyote, hata kama tunamhisi mwenyewe ni nani. Nawe hiyo ya wifi usijipelekee.

Hata "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" umeona ni tusi! Nadhani si stetasi inayokusumbua. Ni ile arusi. Ilikupasa uende, hukwenda, na hujasema neno. Hiyo uliyoandaa kwenye simu ifute. Ijumaa hii mtangulie: mrekodie sauti asubuhi, au bora zaidi uvuke hadi kwake na sahani ya kaimati. Mwambie, "Wifi, siku ya arusi ya mwanangu nilishindwa kufika kwa sababu hii na hii, nisamehe." Uone Ijumaa ya pili ataweka nini. Ukipenda nitumie picha. Nami ni mmbeya kama watu wengine.

Shangazi, dada yangu aweka picha za mtoto wangu akioga kwa Facebook, ati ni mrembo. Nikimwambia atoe asema nina maringo.
*Mama Mtoto, Nakuru*

Atoe. Leo.

Picha ya mtoto uchi haina utani, na haijalishi aliyeiweka anampenda kiasi gani. Huko kwenu Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sikuambii umpeleke dada yako huko. Mwonyeshe hiyo tarakimu tu. Kisha mpe picha moja nzuri, mtoto kavaa, kacheka, mwambie hii weka. Nia yake ilikuwa kumwonyesha mpwawe kwa watu, na hilo si kosa. Akikataa, iripoti picha hiyo kwa Facebook wenyewe, usingoje kuelewana.

Shangazi, na wewe mwenyewe umo mitandaoni, au unatushauri tu ukiwa nje ya uwanja?
*Mdadisi, Songea*

Nimo, Facebook na WhatsApp. TikTok natazama kwa simu ya mjukuu, mapishi na mbuzi.

Mnakumbuka ile Jumapili ya Mei 12, 2024, Siku ya Mama? Asubuhi kila mtu alikuwa anaweka picha ya mama yake. Mimi picha ya mama nina moja, ya studio, nyeusi na nyeupe, amesimama mbele ya pazia lililochorwa mnazi, ameshika maua ya plastiki kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzie. Mpwa wangu akaipiga kwa simu ikiwa ukutani, na kioo kikaakisi dirisha, kwa hiyo bega la kushoto la mama lina nondo. Nikaiweka hivyo hivyo. Chini nikaandika jina lake na kijiji chake, basi.

Muda si mrefu mtandao ukaanza kusuasua, halafu kimya. Mtasema nimeuzima mimi. Kumbe ni nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, karibu na Afrika Kusini, na nchi nyingi za huku zikayumba pamoja nasi. Siku hizo mbili tatu nilijishangaa. Mimi niliyekuwa nikiwaambia watu jibu litakuja baada ya wiki tatu, nilikuwa naitikisa simu kama chupa ya dawa.

Uliporudi nikakuta laiki kumi na moja na komenti moja. Ilitoka kwa mtu niliyefanya naye kozi ya telegramu Dar es Salaam mwaka 1981. Alipangiwa Lindi, mimi Tanga, na mara ya mwisho kumwona ilikuwa alipopita hapa akala samaki wa kupaka kwa mama, akaomba aongezewe. Jina langu la ukubwani hakulijua. Alimjua mama.

Telegramu ililipiwa kwa neno, na sisi tulifundishwa kuwakatia wateja maneno ili wasiumie. Aliandika kwa herufi kubwa: PICHA MAMA IMEFIKA NIMELIA NJOO LINDI.

Nikahesabu kwa kidole, mazoea hayaishi. Maneno sita. Agosti yake nikapanda basi.